Mazishi ya Heshima ya Buibui wa Mama Nkandu

Kwa idhini ya ngazi zote zinazohusika, wananchi wanajulishwa kwamba suala la buibui wa manyoya katika Zone ya Tujenge, mjini Lubumbashi, limepata ufumbuzi wa kudumu. Mtu asiulize tena. Zone yetu, iliyobanwa kati ya Kamalondo na Katuba, ndiyo ya kwanza katika mkoa mzima wa Shaba kuwapa buibui utaratibu. Wengine walikuwa wakichimba shaba tu.

Mimi ni Citoyen, yaani Mwananchi, Musonda, katibu wa kudumu wa Sub-Komisyo ya Wanyama wa Nyumbani Wenye Miguu Zaidi ya Minne. Kanuni zake nilizitunga mimi, mhuri wake niliuchagua mimi, na kwa kipindi kirefu wajumbe wake wote nilikuwa mimi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni rasmi, hata pale yanapokuwa magumu kuaminika.

Wenye ndimi mbaya wanasema Sub-Komisyo iliundwa kwa sababu Citoyen Komisere, mkuu wa Zone yetu, aliruka juu ya meza kwa kumwogopa buibui. Huo ni uzushi. Aliruka juu ya kiti.

Ilikuwa hivi. Mama Nkandu alikuwa na baa, na juu ya kaunta ya baa aliweka sanduku la kioo ambalo Mgiriki mmoja aliyerudi kwao alikuwa akifugia samaki. Ndani yake mlikuwa na udongo mwingi, gome la mti, kizibo cha bia kilichojaa maji, na Constance. Constance alikuwa buibui wa manyoya, yule ambaye wenye vitabu humwita tarantula, mpana kama kiganja cha mtu mzima. Marehemu mume wa Mama Nkandu, mfanyakazi wa mgodi, alimleta siku moja ndani ya kopo lake la chakula, buibui akiwa mdogo kama harage. Mume alikufa. Buibui akabaki, na mjane akamlea kwa panzi na nyenje, na ukutani akaandika kwa mkaa: USIGUSE. USIPULIZE. FUNGA MFUNIKO. Hayo ndiyo yote yaliyotakiwa kujulikana, na walevi wa Tujenge waliyajua kwa moyo kuliko sala zao.

Sasa, viongozi wetu walikuwa na desturi nzuri ya kutomsumbua mwenye baa. Kiongozi akitaka bia, alikuwa anajinyoosha juu ya kaunta na kujichukulia mwenyewe, wala hakumsumbua tena kwa kulipa. Jioni hiyo, mwezi wa kumi, joto likiwa la kukausha mate, Komisere alijinyoosha wakati Mama Nkandu amefungua mfuniko ili abadilishe maji. Kiwiko cha Komisere kikaingia mahali ambapo kiwiko cha serikali hakikutarajiwa. Constance akainuka, akanyanyua miguu yake ya mbele, akaonyesha meno.

Hapo ndipo Komisere alipopanda kiti. Watu wakacheka, na kicheko hicho kilisikika mpaka kwenye soko.

Komisere akashuka, akajifuta jasho, akauliza kwa sauti ya ofisi, "Citoyenne, huyu mnyama ana kadi ya Chama?"

"Citoyen Komisere," akajibu Mama Nkandu, "si munasemaka kila muntu mu Zaïre anazaliwa mu Chama? Yee pia alizaliwa hapa. Wala mu Ubelgiji hayafika."

Wananchi wataelewa uzito wa jambo hilo. Kama buibui alikuwa mwanachama, basi alikuwa amenyanyua mikono mbele ya mkuu wake, na ilibidi kujua kama ilikuwa salamu au uasi. Kesho yake asubuhi Sub-Komisyo ikazaliwa, nami nikawa ndani yake. Baa ikatiwa lakiri mlangoni, ikae hivyo mpaka mnyama atakapokuwa en règle, yaani karatasi zake zimekamilika. Constance akachukuliwa na sanduku lake mpaka ofisini kwa Komisere. Mama Nkandu alitembea nyuma yetu njia nzima akiwa amejishika kichwa, akisema, "Mubebe polepole. Munamutikisa. Ni kintu ya bwana yangu ile." Niseme ukweli, ilinihuzunisha. Lakini huzuni haikuwa kwenye ajenda.

Kazi ya kwanza ilikuwa jina. Majina ya kizungu yalikuwa yamekwisha kufutwa nchini. Komisere mwenyewe zamani aliitwa Adalbert, na ole wake aliyekumbuka. Kwa hiyo Constance akapewa jina la mababu: Chomba wa Nkandu. Tulimsomea jina hilo mara kadhaa mbele ya kioo. Hakupinga.

Kazi ya pili ilikuwa kuwahesabu buibui wote wa Zone. Kasimu, fundi cherehani wa ukoo wa Maniema, yule aliyeshona abakosti, yale makoti rasmi, za viongozi wote wa Tujenge, alikuwa na mmoja dukani, ndani ya chupa pana ya peremende. Wengine wawili waliletwa na raia walioogopa kuonekana hawana.

Kazi ya tatu ilikuwa makazi. Komisere akaamua, kwa hekima, kwamba haifai mwanachama mmoja akae kwenye kioo, mwingine kwenye chupa, mwingine kwenye ndoo, kama vile nchi ina vyama vingi. Wote waingie sanduku moja.

Mama Nkandu alikuwa mlangoni. Siku zile alikuwa akija kila asubuhi kumwangalia buibui wake, maana baa haikuwepo ya kumshughulisha. Akasema, "Citoyen Komisere, usibaweke pamoja. Ile munyama inaikalaka yeye moja tu. Batakulana."

"Citoyenne," akasema Komisere, "hayo ni mawazo ya ukabila."

Wakawekwa pamoja. Tukaimba wimbo mmoja, tukaenda kula.

Tuliporudi asubuhi, ndani ya sanduku alikuwamo Chomba peke yake, amenenepa, na miguu michache isiyo na mwenyewe. Komisere akaihesabu ile miguu. Kisha akaniamuru niandike taarifa kwa Région, yaani mkoani, kwamba umoja katika Zone ya Tujenge umekamilika. Kasimu alifika kuulizia buibui wake, akazunguka kioo pande zote.

"Yangu iko wapi?"

"Yupo," nikamwambia. "Yumo ndani ya umoja."

Fundi alinitazama sana. Ni mtu mpole, ana subira ya watu wa sindano. Akasema tu kwamba amesikia, akaondoka kwenda kumaliza abakosti ya sherehe ya Komisere.

Hapa lazima niseme neno juu ya nguo, kwa vijana ambao hawakuona enzi zile. Kiongozi hakuvaa suti ya mzungu. Alivaa abakosti, koti la kufungwa mpaka juu, na chini yake kusiwe na tai, maana tai ilikuwa imepigwa marufuku kama kamba ya mkoloni kwenye shingo ya mwananchi. Watu walinyang'anywa tai barabarani, na wengine walilala ndani kwa ajili yake. Komisere wetu alikuwa mfano kwa wote. Hata katika joto la Oktoba, mabati yakilia juu ya vichwa vyetu, hakuwahi kufungua kifungo kimoja cha kola. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu, naye amefunga tu. Kasimu aliwahi kunidokeza, "Alinituma nipandishe kola, ikuwe mulefu kupita ya bengine. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema juu ya heshima." Nikaona kweli hii ni shingo ya uzalendo, na mimi pia nikaagiza kola ndefu. Baada ya muda viongozi wote wa Tujenge walikuwa na kola ndefu.

Basi, umoja ulipokamilika, umoja ukaacha kula.

Tulimpa nyenje, akamkimbia. Tulimpa panzi, akampa mgongo. Komisere akaagiza samaki mkavu wa Kilwa, ile ya ziwa Mweru, wa daraja la wageni, nao tukamwekea. Akarudi nyuma ya gome lake. Jambo likawa la kisiasa. Mwanachama anayekataa chakula cha serikali, akiwa chini ya ulinzi wa serikali, wapi na wapi. Komisere alimhoji yeye mwenyewe, akiwa amekaa mbali kidogo: "Unadai nini? Nani anakutuma?" Nilikuwepo kama mwandishi wa mahojiano, na majibu yote niliyaacha wazi.

Mwishowe tukaamua kumtia moyo kwa animation. Kila asubuhi, kabla ya kazi, wafanyakazi wote wa Zone walicheza mbele ya sanduku, wakisifu Chama kwa ngoma na viuno, kama ilivyokuwa desturi ya kila ofisi nchini, ila sasa waligeukia buibui. Mpiga chapa wetu, mama wa watu mwenye kisukari, alitoka jasho mpaka tukamkalisha. Chomba alijifinya kwenye kona. Hamu ya chakula haikuonekana.

Kisha nikafika asubuhi moja nikamkuta amelala chali, miguu yote juu.

Nilimwita Komisere. Alisimama mlangoni, akavua miwani, akaivaa tena.

"Amelala?"

"Citoyen Komisere, buibui hawalali hivyo."

Akakaa kitini kama gunia lililokatwa kamba. Habari za umoja zilikuwa zimekwisha kupanda hadi Région, na Mjumbe wa Région alikuwa njiani kuja kuuona kwa macho yake. Sasa angeonyeshwa nini? Kwamba umoja umekufa ofisini kwetu, kwa njaa, ukitutazama tukicheza? Kuna watu waliopelekwa kufanya kazi Kilwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na barabara ya Kilwa mtu akishaipita mara moja haombi kuipita tena. Nilijiona tayari nikiwa ziwani Mweru, nikihesabu mitumbwi kwa niaba ya Taifa.

"Hakufa kwa njaa," Komisere akasema hatimaye. "Alikufa kwa kazi."

Ndivyo tulivyopiga mhuri. Mwanachama Chomba wa Nkandu ameanguka akiwa kazini, baada ya kujenga umoja kwa nguvu zake zote. Mazishi ya heshima yatafanyika mbele ya Mjumbe. Wakati wa kumsubiri, mwili ubaki sandukuni, mfuniko uondolewe, wananchi wapite watoe heshima zao. Mtu asiguse, isipokuwa Komisere atakayemtia jenezani. Abakosti mpya ya sherehe, iliyotoka kwa Kasimu, ikatundikwa kwenye msumari juu ya sanduku, ikingoja siku.

Wananchi walipita. Wengi walitaka tu kuona ofisi ya Komisere ndani ikoje.

Mama Nkandu alikuja na kanga nyeusi, analia, kwa sababu habari ilikuwa imemfikia kama ilivyomfikia kila mtu. Aliinama juu ya sanduku. Akakaa ameinama. Kisha akatia ncha ya kanga mdomoni na mabega yakaanza kumtikisika, nami nikaandika kwamba familia ya marehemu imezidiwa na uchungu. Alipoinua uso nikaona anajizuia kucheka.

"Citoyen Musonda," akaninong'oneza, "ii haina mufu. Ii ni manguo yake tu. Anaivula. Muangarie pale mu mbavu, inapasuka. Anafanyaka vile kila mara: haikule, haitembee, analala chali, anavua ngozi. Mwenyewe iko chini ya ligome pale, iko nangoja mwili ikomae."

"Citoyenne, tangazo la kifo limekwisha kupigwa mhuri."

"Bon. Basi munirudishie yeye, muzike manguo."

"Mpaka baada ya mazishi. Mwili ni wa Taifa."

Akanitazama, akatazama sanduku, akatazama msumari na lile koti lililoning'inia mpaka kugusa kioo.

"Mufunge tu mufuniko, Citoyen. Akikomaa ataanza kutembea."

"Wafu hawatembei," nikamwambia, na nilijivunia jibu hilo.

"Sawa," akasema Mama Nkandu. "Miye nilishasema." Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka, na nyuma ya mlango nikamsikia akicheka mpaka barabarani.

Siku ya mazishi, ua wa Zone ulijaa. Mjumbe wa Région alifika na gari jeusi, mtu mnene, mkimya, kola yake imefungwa barabara. Kikundi cha animation kilikuwa kimevaa vitenge vipya. Komisere aliingia ofisini, akauweka mwili kwenye boksi la viatu lililovikwa kitambaa cha kijani, akasema mwili ni mwepesi sana, nikamjibu kwamba roho ndiyo nzito. Kisha akavua koti la kila siku akiwa amenipa mgongo na amefunga mlango nusu, akachukua la sherehe msumarini, akalifunga mpaka kidevuni.

Hotuba ilikuwa nzuri sana, niliiandika mimi.

"Chomba wa Nkandu," akasema Komisere mbele ya umati, "hakuwahi kudai. Hakuwahi kupinga. Aliwakumbatia wenzake wote mpaka wakawa kitu kimoja."

Kasimu fundi, aliyesimama mstari wa mbele, alikohoa.

"Hata leo," Komisere akaendelea, "nahisi kwamba bado yuko nasi." Akajikuna bega. Hilo halikuwa kwenye maandishi. Akajinyoosha mgongo. "Yuko nasi," akarudia polepole, "yuko karibu sana."

Bega lake la kushoto likapanda. Kisha la kulia. Kiuno kikakatika upande mmoja, kikarudi. Wapiga ngoma, ambao kazi yao ni kuitikia, wakaitikia. Komisere akacheza namna ambayo hatukuwahi kumwona akicheza, akizunguka, akijipiga mgongoni, magoti juu, na Mjumbe akapiga makofi na kumwambia msaidizi wake kwamba huyu ndiye kiongozi mwenye moyo.

Kisha mguu mmoja ukatokea kwenye kola. Mweusi, mpya, wa manyoya laini kama mahameli. Ukapapasa kidevu cha Komisere. Ukafuatiwa na wa pili.

Ngoma zikakatika. Katika kimya kile, Mama Nkandu akasema kwa upole kabisa, kama anavyosema na mlevi wake, "Citoyen Komisere, usitikisike. Usiguse. Usipulize. Atatoka mwenyewe."

Maagizo matatu, mawili kati yake yameandikwa kwa mkaa ukutani mwa baa kwa miaka. Komisere aliyavunja yote kwa mpigo mmoja. Alipuliza, aligusa, akatikisika, na akalipasua lile koti kwa mikono miwili, vifungo vya Kasimu vikaruka mpaka kwenye miguu ya Mjumbe.

Chini ya abakosti mlikuwa na shati jeupe la kola. Chini ya kola ya shati palikuwa na tai.

Ilikuwa nyekundu, yenye madoadoa meupe, imefungwa kwa ustadi wa mtu anayeifunga kila siku. Na juu yake, katikati ya kifua, alikaa Constance, ametulia kama pini ya tai.

Mjumbe akasogea, akaonyesha kwa kidole.

"Citoyen. Hii ni nini?"

"Ni buibui, Citoyen Délégué."

"Nauliza kilicho chini ya buibui."

Mjumbe akatugeukia sisi viongozi tuliopangwa mstari. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa hasira.

"Cadres wote wa Zone hii, fungueni kola. Sasa hivi."

Hakuna aliyegusa kifungo. Jua lilikuwa linatoboa. Naibu wa Komisere akasema ana mafua na daktari amemkataza upepo. Mkuu wa usafi akasema naye ana mafua. Mweka hazina akapiga chafya. Mimi pia nilikuwa na mafua, tena makali. Ilionekana kwamba uongozi mzima wa Tujenge ulikuwa umepatwa na mafua mwezi wa kumi.

Mama Nkandu alikuwa ameshatoa glasi ya bia kwenye kikapu chake pamoja na kipande cha karatasi ngumu. Alimkaribia Komisere, akamfunika Constance kwa glasi, akapitisha karatasi chini taratibu. "Yambo, mama," akamwambia buibui. "Unakuwa muzuri hivi." Machozi yake ya siku ile hayakuwa ya kuigiza. Kisha akageuka, glasi mkononi, akamtazama Mjumbe kuanzia viatu mpaka kidevuni. Hapo akaacha macho.

"Na weye, Citoyen Délégué? Bantu iko naangaria. Utuonyeshe njia."

Umati wote ukaitazama kola ya Mjumbe. Kola hiyo, sasa nilipoiangalia vizuri, ilikuwa ndefu kuliko ya Komisere.

Mjumbe alipandisha mkono mpaka kwenye kifungo cha juu. Akakigusa. Akakibonyeza, kama mtu anayehakikisha kwamba kimefungwa.

"Mimi," akasema, "nimesafiri na mafua."

Mengine yalikwenda haraka. Ilithibitishwa palepale kwamba kitu chekundu kilichoonekana ni kamba ya usalama ya kunasia buibui, uvumbuzi wa Zone, na Komisere akapongezwa, akafunikwa koti la dereva. Mazishi yaliendelea kwa sababu programu ilikuwa imekwisha kuidhinishwa. Tulizika ngozi tupu kwa heshima zote, marehemu akihudhuria ndani ya glasi mapajani mwa Mama Nkandu. Na lakiri ya mlango wa baa ilikwenda kuondolewa alasiri ileile na Mjumbe mwenyewe, kwa mkono wake, bila kuombwa mara ya pili.

Ndio maana nasema suala limepata ufumbuzi wa kudumu. Kila mwaka tunaweka maua kwenye kaburi, kisha tunavuka barabara kwenda kunywa alipo marehemu, kwenye kaunta, chini ya mfuniko uliofungwa vizuri. Viongozi bado wanapenda baa ile. Ila mkono wa kiongozi haupiti tena juu ya kaunta. Na akitokea mgeni kutoka ngazi yoyote, akajisahau, akapandisha sauti kwamba yeye halipi, Mama Nkandu habishani naye. Anaweka kitambaa chini, anaegemea kaunta, anamtazama shingoni kwa huruma ya mama.

"Citoyen," anamuuliza, "hauna joto?"

Basi mgeni analipa, anashukuru, na akitoka anamuaga Constance kwa jina lake la ubatizo.